Kofia, Bisibisi na Bunduki za Gololi

Mjomba wangu Mathayo alikuwa mchoma mkaa kule Masaki ya Kisarawe. Nasema Masaki yetu ya mihogo na mikorosho, siyo ile ya mjini yenye mageti. Tanuri lake alilipanga kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Magogo mazito chini, membamba juu, nyasi mbichi, kisha udongo, halafu anaacha vitundu vya kupumulia. Kuanzia hapo kazi ni kutazama moshi. Ukiwa mweupe mzito, kuni bado zinatoa maji yake. Ukianza kuwa mwembamba wenye rangi ya bluu, mkaa umekaribia, ziba tundu hili, fungua lile. Ukichelewa unakuta majivu. Ukiwahi unakuta magogo yaliyoungua maganda, unayapeleka nyumbani na mkeo anakuuliza umeleta nini hiki.

Mjomba alipozeeka macho yakaingia ukungu. Siku moja tuko pale wengi, wanunuzi wamekuja na baiskeli zao, mzee akasimama mbele ya tanuri lake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji ya kunywa, "Zaka, nitazamie moshi. Mimi rangi siioni tena." Nikamwambia ni wa bluu. Akasema, "Haya, ziba la kusini." Nikaziba. Kazi ikaendelea, watu wakaendelea kubishana bei, hakuna aliyecheka na hakuna aliyemhurumia.

Sijui kwa nini nimeanza na mkaa. Nyinyi vijana wa karakana ya Maili Moja mliniomba niwaandikie habari za mota, hasa zile za bunduki za mchezo ambazo nasikia mnazisimulia kama hadithi ya kutunga. Ni kweli zilikuwepo na mimi nilizishika. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imekata kona bila kuwasha taa, nifuateni taratibu, mtanikuta mbele.

Mimi ni msukaji wa mota, yaani natoa waya ulioungua na kuzungushia mpya. Maisha yangu mengi nimeyakalia kwenye kigoda pale Maili Moja, Kibaha, nikisuka pampu za maji, mashine za kusaga, mapangaboi, chochote chenye waya wa shaba ndani. Mota iliyoungua huhitaji kuambiwa, unaipokea kwa pua. Vanishi iliyoungua ina harufu yake, na ukizoea unajua kama imeungua kwa kuzidiwa na mzigo au kwa kuingia maji. Na kabla haijaungua inasema. Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iweke kwenye nyumba ya beringi, mpini uweke sikioni. Beringi nzima inavuma. Beringi inayokufa inasaga kama mtu anayetafuna kokoto. Hiyo bisibisi yangu ilikuwa ya mpini wa mbao, niliichonga mwenyewe, kumbukeni hiyo maana itarudi.

Msidhani sikukosea. Niliwahi kufunga pampu ya parokia moja ya Wakatoliki, nikaiunga nyaya kinyume, ikawa inazunguka kwenda nyuma. Pampu ya namna ile ikizunguka kinyume inatoa maji, ila kidogo, kama mtu anayelia kwa aibu. Padre alikuja akayaona yale maji akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Wakachota hivyo hivyo mpaka fundi mwingine alipopita akauliza nani amefunga hii. Wakaanza kusema ni hila ya Mlutheri. Mpaka leo nikikutana na katekista wao ananiuliza, "Mzee Zakaria, unakwenda mbele au nyuma?"

Basi. Siku moja akaja mtu na gari safi, mtu wa bara, mwenye shamba la mikorosho kule Masaki. Sisi baadaye tulimwita bosi tu na hapa nitamwita hivyo hivyo. Akatoa kimota kidogo, hakizidi kidole gumba, kimeungua.

"Mzee, hii unaweza kuisuka?"

"Ya mashine gani? Ya kunyolea ndevu?"

"Ya bunduki."

Nikairudisha mezani taratibu. Nikamwambia mimi ni msharika na nina wajukuu. Akacheka mpaka akakaa. Ndipo akanieleza kwamba amefungua kiwanja cha mchezo shambani kwake, vibali vyote anavyo, watu wa maofisini wanatoka Dar Jumamosi wanagawana timu mbili, wanavaa miwani mikubwa ya plastiki, wanawindana kwenye mikorosho kwa bunduki zinazorusha gololi za plastiki. Ukipigwa unainua mkono, unatoka, unaenda kunywa soda. Nikamuuliza, watu wazima? Akasema, wengine wana vyeo.

Bunduki yenyewe ukiifungua haina siri. Kimota kinazungusha gia, gia zinavuta pistoni nyuma na kuikandamiza springi, meno yakiisha springi inaachia, pistoni inaruka mbele, hewa inaisukuma gololi. Basi. Ni pampu ya baiskeli yenye hasira. Zamani zile triga yake ilikuwa swichi ya shaba tu: ukibonyeza, vipande viwili vinagusana, umeme unapita, cheche zinaila shaba kidogo kidogo. Nikakisuka kile kimota. Kikazunguka vizuri kuliko kilivyotoka dukani, bosi alisema hivyo, siyo mimi. Baada ya hapo akaniomba niwe nakwenda kule Ijumaa kuandaa bunduki na Jumamosi kukaa nazo. Nikamwachia mwanangu kigoda cha Maili Moja, nikahamia kwenye banda la bati chini ya mikorosho. Nyumbani kwangu Janga wakaniuliza unafanya kazi gani sasa, nikasema nasuka mota. Sikutaja za nini.

Mwanzo wa kiwanja ulikuwa na vituko. Kuna kijana wa bodaboda alikuwa amempakia mama mmoja na gunia la mihogo, akakata kona akawakuta wahasibu wamelala kwenye nyasi wamevaa madoadoa, bunduki mkononi. Aliiacha pikipiki ikiwa inawaka, akamwacha na yule mama juu yake. Mama hakukimbia. Alishuka akawauliza wale wahasibu, "Sasa nani atanifikisha?" Ikabidi mmoja avue miwani ampeleke. Mama yule ndiye Mama Sakina, ambaye baadaye bosi alimwajiri kupika. Wali wake ndio uliofanya wengine warudi, siyo bunduki.

Na hapa niwaambie jambo la kazi, maana mtakuja kushika vitu vya namna hii hata kama si bunduki. Pale bandani kulikuwa na ndoo ya mchanga. Sheria yetu: kabla hujavua miwani na kuingia kula, toa magazini ya gololi, elekeza mtutu kwenye ndoo, fyatua. Tuliiita risasi ya kuagia. Springi inalegea, bunduki inalala. Mama Sakina alikuwa hamsogezei mtu sahani kabla hajaisikia. Alikuwa anauliza tu, "Umeaga?" Mkurugenzi au dereva, swali lilikuwa hilo hilo.

Halafu zikaja bodi za triga. Swichi ya shaba ikaondolewa, pakawekwa kibodi chembamba kama kadi ya simu, chenye kijicho kinachoona gia imefika wapi na kingine kinachoona kidole kimesogea kiasi gani. Bodi inaamua. Unaweza kuiambia bunduki itoe moja moja, au tatu tatu. Unaweza kuiambia triga iwe nyepesi au nzito. Unaweza kuiambia ikishafyatua isimame hapo hapo kwa breki, au ivute springi mapema ili safari ijayo gololi itoke mara tu kidole kinapogusa. Hiyo ya mwisho wachezaji wanaipenda sana, na ndiyo iliyovuruga risasi ya kuagia, maana ukifyatua kwenye ndoo, bunduki inavuta tena springi, inabaki macho. Na gololi iliyokuwa imebaki kooni inaingia nafasi yake. Ikabidi tuseme kwa bunduki hizo mtu aage mpaka asikie mtutu unatoa hewa tupu, kisha azime hicho kitu kabla ya kuweka chini. Mama Sakina akabadilisha swali. "Umeaga kweli?"

Mimi bodi sikuzijua. Bosi akamleta Gervas.

Gervas alikuwa mtu wa Karagwe, mwembamba, umri wa mwanangu wa mwisho, amepanga chumba Soga karibu na stesheni ya reli mpya. Alikuwa anatengeneza simu na zile ndege ndogo za kupigia picha harusi. Nilimwona anaingia bandani na kibegi mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa vitu vinavyoruka?"

"Vinavyoanguka, mzee. Vinavyoruka havinitafuti."

Nikampenda hapo hapo. Ndugu zangu, nimefundishwa kazi na watu watatu maishani, na wa tatu alikuwa ananiamkia. Nilikuwa namfundisha kusuka, yeye ananifundisha bodi. Alipokosea kusuka nilimwambia waya wake umelala kama mlevi, na mimi nilipokosea bodi aliniambia, "Mzee, hapo umeiuliza jina la baba yake badala ya jina lake."

Kuipanga bodi ni hivi. Unashika triga, huku umeishika unachomeka betri. Bodi inaamka kwenye mpangilio, inaanza kulia. Mlio mmoja ni namna ya kufyatua. Miwili ni uzito wa triga. Mitatu ni breki. Minne ni ile ya kuvuta springi mapema. Ukifika unapotaka unaachia triga, halafu unabonyeza kuchagua kiasi. Ukiachia mapema au ukichelewa kidogo tu, umeshaingia chumba cha jirani. Safari yangu ya kwanza nilitaka kupunguza uzito wa triga, nikaingia kwenye namna ya kufyatua, bosi akaichukua ile bunduki mbele ya wageni kuonyesha risasi moja moja, ikamwaga nyingi akabandua ganda la mkorosho. Akageuka. Nikajua nimefukuzwa. Akasema, "Mzee, hii hii ndiyo wanayoitaka." Gervas akainamia begi lake, mabega yanatikisika.

Na ule mlio kwenye mota za kaboni, zile tulizoanza nazo, haukutoka kwenye spika. Bodi iliipa mota umeme kidogo kidogo, mota yenyewe ikawa inatetemeka, inalia. Kwa hiyo mimi nikasema, ahaa, hii ni lugha yangu. Nikaweka bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, nikawa nasikia mlio hata kiwanjani wanapiga kelele. Gervas alikuwa anatazama taa. Kulikuwa na kitaa cha kijani ndani, kinawaka kila mlio, unakiona ukichungulia tundu la magazini. Mimi nilikuwa nasema taa ni ya wasiojua kusikiliza. Nilisema sana hilo. Maneno mengine mtu anayasema kwa utani mara nyingi mpaka yanakuwa ukuta wake mwenyewe.

Sikio la kulia lilianza kwanza. Miaka ya mashine za kusaga siyo mchezo. Haukuwa uziwi wa kutosikia kabisa. Sauti nene nilikuwa nazipata, mtu akiniita nageuka. Nyembamba ndizo zilikuwa zinapotea. Ndege, watoto, mlio wa bodi. Nikahamishia bisibisi kushoto. Kushoto nako kukachoka. Siku moja nikiwa peke yangu nikauma ule mpini wa mbao kwa meno, ncha ikiwa kwenye mota. Nikausikia mlio kichwani, wazi, kana kwamba unatoka kwenye taya langu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Gervas akaingia.

"Mzee, unakula bisibisi?"

"Naionja kama ina kutu."

"Ina?"

"Ina chumvi kidogo."

Akacheka, nikacheka, tukaendelea. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa pamefunguka kabisa, na mwenye kuuliza ni mtu anayenipenda. Nikasema chumvi.

Sasa zikaja brashilesi. Nyinyi mmezikuta, kwenu ni mota tu. Kwangu ilikuwa kama kuletewa mgonjwa asiye na mapigo. Haina kaboni za kusuguana, haina cheche, haina ile harufu. Shaba ndani imetulia, sumaku ndiyo inazunguka, na nyuma yake kuna kibodi chake chenyewe kinachogawa umeme kwa zamu. Ina nguvu, haipati moto, betri inakaa. Haiungui ovyo, kwa hiyo hakuna wa kuileta kusukwa. Niliishika ya kwanza nikaizungusha kwa vidole, nikasikia ule mkwaruzo laini wa sumaku, nikajua hii haiji Maili Moja.

Kuzipanga kuna mambo mawili nataka myashike, maana hayo yameua bodi nyingi. La kwanza, breki. Brashilesi za namna ile zinajifunga breki zenyewe. Ukiiacha breki ya bodi ya triga ikiwa juu, wawili wanashindana kusimamisha kitu kimoja, joto linapanda, na anayekufa ni bodi. Izime au iweke chini kabisa. La pili, ile ya kuvuta springi mapema. Mota ya kaboni inaamka polepole kama mimi. Brashilesi inaamka imesimama. Ukiiachia kiasi cha zamani inavuta mpaka inapitiliza, gololi mbili zinatoka kidole kikiwa kimebonyeza mara moja. Punguza, jaribu kwenye mchanga, punguza tena. Hakuna kiasi cha kunakili kwa jirani, kila bunduki na springi yake.

Na la tatu si la kwenu, lilikuwa langu. Brashilesi haitetemeki. Bodi zake zilikuwa na kispika kidogo kama punje ya dengu, kinalia wembamba wa mwisho. Nikauma bisibisi. Kimya. Nikahamisha ncha, nikagusa huku na huku. Ni kama kumshika mkono mtu uliyezoeana naye akauacha ulegee tu mkononi mwako. Kitaa kilikuwepo, lakini banda letu lilikuwa wazi pande zote, jua la Masaki linaingia mpaka chini ya meza, na kwa macho yangu lile tundu lilikuwa weupe mtupu. Ningemwambia nani? Nilishasema taa ni ya wasiojua kusikiliza.

Nikaanza kutumia pumzi. Niligundua mlio unakwenda karibu sawa na pumzi yangu moja. Basi nachomeka betri, navuta pumzi, naachia, navuta, naachia, nikifika ninapotaka naachia triga. Nilijua ni kubahatisha. Lakini Jumamosi zikapita, bunduki zangu zinakwenda kiwanjani, hairudi hata moja kwa ubovu. Hakuna bodi iliyoungua. Hakuna gololi mbili mbili. Nikaanza kuamini. Nikawa nasimulia baada ya ibada, pale nje ya kanisa, kwa wazee wenzangu, kwamba vijana wa siku hizi bila simu hawafanyi kitu, mimi napanga bodi kwa pumzi zangu. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa saa akanishika bega akasema una karama. Nikaikubali.

Kuna Ijumaa nilimaliza kazi mapema, nikaanza safari ya kurudi Janga. Nikawa nimefika mbele kidogo nikahisi jua kwenye upara. Nimesahau kofia. Ni pama ya kahawia, marehemu mke wangu aliipenda, siwezi kuiacha mahali. Nikarudi. Mama Sakina alikuwa nje ya banda anasugua sufuria kwa majivu.

"Mzee Zaka, umerudi?"

"Kofia."

"Iko kwenye msumari, nakuletea. Usimkatishe fundi, za kwako hajazimaliza."

"Zangu zipi?"

Akaacha kusugua. Nilitazama ndani. Gervas alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, mgongo kwetu. Bunduki nilizopanga asubuhi zilikuwa kwenye gunia upande wake wa kushoto. Anachukua moja, anachomeka betri, anainamisha kichwa anasikiliza, anabonyeza, anafyatua kwenye ndoo, anaiweka kulia. Anachukua nyingine.

"Mimi nilijua mmekubaliana," Mama Sakina alisema. Alishusha sauti mpaka nikawa namsoma midomo. "Kila Ijumaa ukiondoka yeye anabaki. Mwanzo nilimuuliza, akasema anazipangusa vumbi."

"Ndiyo," nikasema. "Za mzee zina vumbi."

Akaniletea kofia. Hakunitazama usoni na mimi sikumtazama. Gervas hakugeuka.

Wajukuu zangu, nimekaa na jambo hili muda mrefu na bado sijui nilikasirikia nini. Hakunisema kwa bosi. Hakunicheka. Alikuwa anakosa usafiri mzuri wa kurudi Soga ili mimi nionekane fundi Jumamosi. Mtu angenifanyia hivyo kwa mali ningemwombea. Alipoifanya kwa heshima yangu, niliona amenivua nguo akaniacha nitembee nadhani nimevaa. Hata siku hiyo nilikuwa na nafasi ya kuingia, kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kusema maneno yale ya mjomba. Nitazamie moshi. Ni maneno mepesi. Niliwahi kuyasikia kwa masikio mazima na nikayajibu bila kufikiri.

Baadaye, nilipoacha kwenda kule, Gervas alinipigia simu, siku nyingi mfululizo. Niliona jina lake likiwaka, nikalitazama mpaka likazima. Nilisema moyoni nitampigia moyo ukipoa. Moyo ulipopoa namba ikawa haipatikani. Nilikuja kukutana na Mama Sakina mnadani, akaniambia kiwanja kimefungwa, bosi ameuza bunduki zote, na Gervas ameondoka Soga, wengine wanasema karudi kwao, wengine wanasema yuko Dodoma kwenye pikipiki za umeme. Akaniambia pia kwamba mpaka siku ya mwisho bisibisi yangu ilikuwa kwenye ule msumari wa kofia na alikuwa hataki mtu aishike. Nikamuuliza bei ya nyanya.

Kwa hiyo mkisikia fundi mwembamba wa Karagwe anayecheka kwa mabega, mwambieni. Mwambieni nini, nitawaachia. Na nyinyi wenyewe, siku sikio likichoka, au jicho, au mkono ukianza kutikisika juu ya waya, semeni siku hiyo hiyo, kabla hamjajijengea sifa ya kuilinda.

Ile Jumamosi, kesho yake baada ya Ijumaa ya kofia, nilikwenda kazini kama kawaida. Sikuwa nimeamua kitu. Wachezaji walikuwa wanavaa, filimbi bado. Gervas akanikuta kwenye meza.

"Shikamoo mzee. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka."

"Hii ya mgeni, kaja nayo mwenyewe, ni brashilesi. Nisaidie breki, mimi nimalizie betri."

Nikaipokea. Jua lilikuwa tayari limefika mezani. Nikavua kofia nijifute jasho, nikaiweka pale juu, nusu yake ikalala kwenye bunduki, ikafunika tundu la magazini. Nikachomeka betri. Na chini ya ukingo wa kofia, kwenye kile kivuli, nikaona kitaa. Kijani, kisafi, kinawaka na kuzima bila haraka yoyote. Kilikuwa kinaonekana kuliko kitu chochote pale bandani. Kofia tu. Wakati wote ule nilikuwa nayo kichwani.

Nikahesabu kwa macho. Moja. Mbili. Tatu. Ningeachia hapo. Nikaacha kipite, kikawaka cha nne, ndipo nikaachia.

"Uko wapi, mzee?" Gervas aliuliza. Alikuwa kaniinamia kabisa, masikio yake mazima yako karibu na ile bodi kuliko yangu.

"Breki," nikasema. "Imelia tatu."

Akaweka betri chini.

"Ndiyo, mzee. Tatu."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia. Tatu."

Akaichukua kutoka mikononi mwangu kwa mikono miwili, kama mnavyopokea kitu cha mkubwa, akailaza kwenye gunia, upande wa kushoto, ule wa zenye vumbi.

Nikaweka bisibisi mezani. Mpini wake ulikuwa na alama za meno yangu pande zote mbili. Nikavaa kofia.

"Nakwenda kununua vocha," nikasema.

"Nikununulie mimi, mzee. Jua kali."

"Nina kofia."

Nikapita jikoni. Mama Sakina alikuwa anapeta mchele, akainua kichwa, akaniuliza, "Umeaga?" Nadhani alikuwa anatania. Nilimwinulia mkono kama wanavyofanya waliopigwa. Nyuma yangu filimbi ilikuwa imepigwa, nilijua kwa sababu watu walianza kukimbia. Nikashika njia ya vumbi inayotoka shambani. Duka la vocha liko kabla ya kona, mwenye duka ananifahamu, akasimama mlangoni midomo yake ikitaja jina langu. Nikampungia. Nikapita.